Gari lililotumika Japani lina wito wa kurejeshwa kwa hofu ya kuvuja petroli: Nairobi nani atalitengeneza?

Baba Zawadi, Donholm

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Nina gari dogo la petroli ambalo nililinunua kutoka yadi moja ya magari kwenye barabara ya Ngong, likiwa limekwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa nchini. Shemeji yangu, ambaye ni baharia, amenitumia habari kwamba kampuni iliyolitengeneza imetoa wito wa kurejesha magari ya aina hiyo yaliyoundwa katika kipindi fulani, kwa kuwa kiungio kimoja cha paipu ya petroli kinaweza kupata ufa na kuvuja. Chapa ya gari naiacha makusudi, kwa sababu ninachotaka kujua ni utaratibu, na tukianza kutaja chapa mjadala utageuka kuwa wa kushindania gari lipi ni bora.

Yadi iliyoniuzia inasema kazi yake iliisha pale logibuku ilipoandikwa jina langu. Mwakilishi wa kampuni hiyo hapa Nairobi alinijibu kwa simu kwamba wao hushughulikia magari waliyoyauza wenyewe yakiwa mapya. Sasa ninajiuliza nitajuaje kama wito huo unaligusa gari langu hasa, na si aina yake tu, na kama unaligusa, ni nani anayewajibika kulirekebisha bila malipo.

Kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi zaidi. Mke wangu ndiye hulitumia gari hilo asubuhi kuwapeleka watoto shuleni kupitia Outering Road, na tangu baridi ianze tunasikia harufu ya petroli gari linapowashwa, kisha baada ya muda harufu hiyo hupotea. Nimechungulia chini ya gari mara nyingi na sijaona hata tone. Je, tuendelee kulitumia wakati tunatafuta ufumbuzi?

Fundi wa Viwandani

Baba Zawadi, mengine yote yanaweza kusubiri, lakini hilo la harufu halisubiri. Gari linalonuka petroli lisiwashwe tena mpaka fundi alione, na watoto waende shuleni kwa njia nyingine, hata kama ni kwa matatu na kwa kuchelewa.

Hujaona tone kwa sababu petroli haina tabia za oili. Oili hudondoka ikakaa sakafuni, na dizeli huacha utando unaoteleza, lakini petroli ikitoka kidogo kidogo juu ya injini yenye joto hukauka kabla haijafika chini. Kinachobaki ni harufu, na pengine doa la kahawia kuzunguka kiungio, kama chai iliyomwagika ikakauka mezani. Doa hilo ndilo mimi hulitafuta kwanza ninapofungua boneti, kwa tochi, injini ikiwa imezimwa na imepoa.

Usitegemee baridi ya Julai kukulinda. Mvuke wa petroli unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ilhali dizeli huhitaji kupashwa joto hadi kupita nyuzi 50 hivi ndipo mvuke wake uwake. Isitoshe, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hivyo haupandi juu ukapotea. Hushuka, hutambaa sakafuni na kujikusanya mahali palipo chini, ukisubiri cheche ya alternata, waya uliochubuka au sigara ya mpita njia.

Wakati ambao harufu hutokea unamweleza fundi mengi. Kwa gari lako, harufu inakuja asubuhi ya baridi na kuondoka injini inapopata joto. Mara nyingi hiyo ni dalili ya upande wa injini: oringi (pete za mpira) za injekta, yaani vifaa vinavyopuliza petroli ndani ya injini, au kiungio cha paipu inayozigawia injekta petroli, huwa zimekakamaa na kusinyaa usiku, pampu inapandisha shinikizo pale unapowasha, na petroli inapenya. Injini ikishapata joto mpira huvimba kidogo na kuziba, harufu inaondoka, na mwenye gari anaamini kwamba gari limejiponya. Kama harufu ingekuja baada ya kujaza tangi, na ikasikika zaidi upande wa nyuma, ningeelekea kwenye shingo ya kujazia, gasketi ya pampu iliyo juu ya tangi, au kanista ya mvuke, yaani kopo linalonasa mvuke wa petroli unaotoka tangini. Wito wa Toyota wa Juni 2016, uliogusa magari takriban milioni 2.87 duniani yakiwemo Prius na Auris, ulihusu kanista hiyo hiyo: ilikuwa na uwezekano wa kupata nyufa, na petroli ingeweza kuvuja tangi likiwa limejaa.

Hapo niongeze jambo ambalo halimo katika swali. Vituoni mwetu, pampu ikishajikata yenyewe, mhudumu huendelea kubonyeza kidogo kidogo ili hesabu ifike shilingi kamili. Petroli hiyo ya mwisho huweza kuingia kwenye kanista, ambayo imeundwa kupokea mvuke na si majimaji. Mwambie asimame pale pampu ilipojikata, hata kama hesabu imebaki na senti.

Mwisho, muulize fundi wako kama injini hiyo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda au kwenye njia ya hewa. Katika mfumo wa njia ya hewa, shinikizo huwa karibu bar 3. Katika ule wa moja kwa moja, paipu iliyo baada ya pampu ya pili hubeba bar 100 hadi 200, na ufa usioonekana kwa macho hutoa petroli kwa umbo la ukungu, ambao huwaka kwa urahisi kupita kiasi. Mfumo huo wa pili si wa kufunguliwa na mtu yeyote mwenye spana.

Mzee wa Kilindini

Nilifanya kazi ya kutoa magari bandarini Mombasa kwa muda mrefu kabla ya kuhamia Nairobi, basi nijibu lile la kwanza. Wito hufuata nambari ya chasi. Haumfuati mwenye gari, wala nchi ambako gari limefika. Magari mawili ya aina moja, rangi moja na mwaka mmoja, yanaweza kuwa moja limo katika wito na jingine halimo, kwa kuwa kipuri chenye kasoro kilifungwa katika kipindi fulani tu.

Gari lililoundwa kwa soko la Japani halina ile nambari ya herufi na tarakimu 17 inayotumika Marekani na Ulaya. Lina alama za modeli, kistari, kisha tarakimu ambazo kwa kawaida ni sita au saba. Ndiyo maana ukiiandika kwenye ukurasa wa NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, haikubaliwi, na nimewaona watu wakihitimisha kutokana na hilo kwamba gari lao ni salama. Ukurasa huo haujasema hivyo. Umeshindwa tu kuisoma nambari yako.

Chukua logibuku, uilinganishe nambari iliyoandikwa na ile iliyochongwa kwenye chuma cha gari, ambayo katika magari mengi iko kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini au chini ya kiti cha mbele. Kisha ingia kwenye ukurasa wa Kijapani wa kampuni yenyewe, mahali pa kutafutia wito, na si ukurasa wa Kiingereza wa soko jingine. Hutakiwi kujua Kijapani, kwa kuwa simu hutafsiri ya kutosha kukuonyesha kisanduku cha modeli na kisanduku cha nambari. Jibu litakuambia kama gari limo katika wito, na kama kazi ilikwisha kufanywa. Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii ya Japani nayo huchapisha kila wito pamoja na safu za nambari za chasi na mchoro wa kipuri chenyewe. Mchoro huo uuchapishe umpelekee fundi, kwa sababu unaonyesha kiungio kile kile kinachotiliwa shaka, na hivyo hatalazimika kubahatisha. Kwa wale wenye magari yaliyotoka Uingereza, mlango wao ni DVSA, wakala wa serikali ya huko wa viwango vya magari, na huko nambari ya usajili ya Kiingereza ndiyo inayotumika. Kwa hivyo msizitupe zile karatasi za zamani zinazokuja na gari.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Fungua mlango wa dereva utazame nguzo ya mwili wa gari, karibu na kile chuma ambacho kufuli hunasa mlango unapofungwa. Japani, kazi ya wito ikishafanywa, mara nyingi karakana hubandika hapo kibandiko kidogo chenye nambari ya wito huo. Ukikikuta, linganisha nambari yake na ya wito wako, kwa kuwa gari moja linaweza kuwa limeitwa zaidi ya mara moja kwa kasoro tofauti. Usipokikuta, hilo pekee si ushahidi kwamba kazi haikufanywa, maana magari husuguliwa na kupakwa rangi upya kabla ya kuwekwa yadini, na vibandiko huenda na maji.

Tahadhari moja zaidi. Usichanganye wito wa kuvuja na ule wa pampu za petroli zilizotengenezwa na Denso, ambao umegusa magari mengi yaliyoko mitaani kwetu, ya Toyota, Honda, Subaru na Mazda miongoni mwa mengine. Kasoro ya pampu hizo ni kwamba feni ndogo ya plastiki iliyo ndani yake huweza kuvimba ikagusa ukuta, na gari likazima likiwa barabarani. Ni hatari, lakini ni hatari ya namna nyingine, na dalili zake si harufu.

Wala usidhani kwamba wito uliokwisha kufanyiwa kazi hauwezi kurudi. Mwaka 2022 Ford iliita zaidi ya magari 500,000 Marekani, Bronco Sport na Escape za injini ya lita 1.5, kwa sababu ya injekta zinazoweza kupasuka. Suluhisho la wakati huo lilikuwa programu ya kugundua kushuka kwa shinikizo pamoja na mrija wa kuondolea petroli mbali na sehemu zenye joto, bila kubadilisha injekta zenyewe. NHTSA baadaye ilitilia shaka kama suluhisho la aina hiyo linatosha, na mwaka 2025 kampuni hiyo ikatoa wito mwingine wa magari zaidi ya 690,000 kwa kasoro hiyo hiyo. Kwa hivyo, hata ukiambiwa kwamba kazi ilifanyika, soma kilichofanyika ni nini.

Dereva Mkongwe

Kwa heshima zote, naona mnamtisha mwenzetu bure. Magari yote ya zamani hunuka petroli kidogo asubuhi, na mimi nimeendesha magari tangu enzi za karabureta bila kuona moto. Aende Kirinyaga Road, anunue kipande cha mpira na klipu mbili, na fundi yeyote wa jua kali atamfungia wakati anakunywa chai. Hayo mambo ya Japani ni ya watu wenye nafasi.

Fundi wa Viwandani

Mzee wangu, gari la karabureta lilinuka kwa sababu bakuli la petroli lilikuwa wazi kwa hewa kwa muundo wake, na pampu yake ilisukuma kwa nguvu ndogo sana. Gari la sindano, yaani la injekta, limefungwa kutoka tangini hadi kwenye injekta, na kanista ipo mahususi ili hata mvuke usitoke. Gari la namna hiyo likinuka, kuna mahali pamefunguka.

Kuhusu mpira na klipu, nitasema nilichokiona mimi mwenyewe benchini. Gari huletwa likiwa limefungwa mpira wa maji ya rejeta mahali pa mpira wa petroli, kwa kuwa kwa nje vinafanana na wa maji ni rahisi. Petroli hulainisha ule mpira wa maji kutoka ndani. Ukiukata, kuta zake zimevimba na zinachubuka kwa kucha. Mpira wa petroli huwa umeandikwa ubavuni kwamba ni wa mafuta pamoja na kiwango chake cha shinikizo, na mnunuzi ana haki ya kuyasoma maandishi hayo kabla ya kulipa. Nimeona pia tangi lililozibwa kwa kipande cha sabuni ya kufulia, mbinu ya zamani ya kumfikisha mtu gereji, ambayo mwenye gari aliigeuza kuwa matengenezo ya kudumu. Na msimruhusu mtu achomelee tangi kwa hoja kwamba ameshalimwaga petroli yote. Tangi tupu ndilo hatari zaidi, kwa sababu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa.

Zaidi ya hayo, wito ukisema kiungio cha plastiki kina kasoro ya kiwandani, klipu mpya juu ya plastiki ile ile haijabadilisha chochote. Kipuri cha wito huwa na nambari mpya, tofauti na ya kile cha awali, na kununua kile cha awali kutoka gari lililobomolewa ni kununua kasoro ile ile mara ya pili.

Wakili wa Milimani

Nimesoma swali na ninajibu upande wa sheria tu, kwa jumla, bila kuchukua nafasi ya wakili wako.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamchukulia muuzaji kuwa amehakikisha kwamba bidhaa anayoitoa ina ubora wa kuridhisha, na haimruhusu kulifuta hakikisho hilo kwa maneno ya mkataba. Kwa hivyo yale maneno tunayoyakuta chini ya stakabadhi za yadi, kwamba gari linauzwa jinsi lilivyo na malalamiko hayapokelewi, hayana uzito ambao wenye yadi hudhani yanao. Hata hivyo, utahitajika kuonyesha kwamba kasoro ilikuwepo ulipolinunua gari, na hapo ndipo ukurasa wa wito wenye nambari yako ya chasi unapogeuka kuwa hati muhimu kuliko maelezo yako ya mdomo.

Kuhusu mwakilishi wa kampuni, tuwe wakweli: hakukuuzia gari, na madai dhidi yake ni magumu kuliko yale dhidi ya yadi. Tofauti hii ndiyo inayoeleza kwa nini wenzetu wa Afrika Kusini huonekana kuhudumiwa upesi kuliko sisi. Januari 2017, Ford iliita magari 4,556 ya aina ya Kuga ya injini ya lita 1.6 nchini Afrika Kusini baada ya magari kadhaa kuungua. Kasoro ile ilikuwa ya injini kupata joto kupita kiasi, silinda hedi kupasuka na oili kuvuja. Wenye magari walijulikana mmoja mmoja, kwa kuwa nchi hiyo hairuhusu biashara ya kuingiza magari yaliyotumika, na kila gari lilikuwa limepitia kwa wakala. Kwetu gari huondoka mnadani Japani, hufika Mombasa likiwa na umri usiozidi miaka minane kama kiwango cha ubora cha Kenya, KS 1515, kinavyotaka, na kampuni iliyoliunda haina jina lako mahali popote. Barua ya wito huenda kwa mwenye gari wa Japani aliyelisahau zamani.

Lakini ugumu wa madai haukuzuii kuomba. Acha simu, andika barua kwa mwakilishi, uambatanishe nakala ya logibuku, ukurasa wa wito na picha ya nambari ya chasi, na umwombe mambo mawili tofauti: kipuri cha wito chenye nambari mpya, na kazi ya kukifunga. Anaweza kukubali kimoja akakataa kingine. Nakala ya barua hiyo ipeleke kwa makao ya kampuni ng'ambo, kwa anwani ya huduma kwa wateja iliyo kwenye ukurasa wao. Mtu aliyeandikiwa huwa mwangalifu zaidi kuliko aliyepigiwa simu, kwa kuwa sasa kuna ushahidi kwamba alijua.

Yadi ikikataa kabisa kuchangia gharama, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujiwakilisha mwenyewe.

Neno la bima pia. Bima ya mtu wa tatu pekee haitakulipa hata senti moja kwa gari lako lililoungua. Bima kamili hulipia moto, lakini mkataba kwa kawaida humtaka mwenye gari alitunze katika hali salama, na sasa kwa kuwa umeandika hadharani kwamba unajua lina harufu ya petroli, sidhani ungependa swali hilo liulizwe na mkadiriaji wa hasara.

Mama Kayole

Baba Zawadi, umesema mnaishi Donholm. Gari hilo mnaliegesha wapi wakati mnasubiri? Kwetu magari hupangwa bega kwa bega chini ya ghorofa, na bawabu huwasha jiko la makaa usiku karibu na lango ili aote. Nilipoyasoma haya ya mvuke kutambaa sakafuni nilishtuka kidogo.

Fundi wa Viwandani

Mama Kayole amegusa jambo ambalo nilipaswa kulianza nalo. Gari lenye shaka ya kuvuja lisilale chini ya jengo, wala kwenye kibanda kilichofungwa, wala karibu na duka la gesi ya kupikia au jiko la bawabu. Lisukumwe kwa mikono, bila kuwashwa, hadi mahali palipo wazi kwa hewa. Boneti ifunguliwe lipate hewa kabla ya mtu kugusa betri, kwa maana terminali inapotolewa hutoa cheche, na cheche ndani ya mvuke ndiyo tunayoikimbia. Kizima moto cha unga kikae karibu na watu, si ndani ya gari. Bawabu aambiwe waziwazi sababu, asije akaegemea hapo na sigara yake. Moto ukitokea, msifungue boneti ili mwone, maana mtakuwa mmeupa hewa. Ondokeni mpige 999 au 112.

Kulipeleka gereji, liagizie lori la kubeba magari. Lisivutwe kwa kamba likiwa limewashwa ili breki zifanye kazi, kama ninavyoona watu wakifanya Jogoo Road.

Baba Zawadi, Donholm

Nawashukuru nyote. Gari tulilisukuma likatoka chini ya jengo jioni ile ile, na bawabu amehamishia jiko lake upande wa pili wa lango, ingawa kwa manung'uniko.

Nimefuata maelekezo ya Mzee wa Kilindini. Nambari ya chasi imo katika safu ya wito, na ukurasa wa Kijapani unaonyesha kwamba kazi haikuwahi kufanywa. Kwenye nguzo ya mlango nilikuta kibandiko kimoja, lakini nambari yake ni ya wito mwingine wa zamani, usiohusu petroli. Fundi aliyekuja kulitazama hapa nyumbani aliukuta ule mchoro wa wizara ukilingana na doa la kahawia kwenye kiungio cha pili cha paipu ya injekta. Hakugusa chochote.

Mwakilishi amejibu barua kwa maandishi. Amekubali kuagiza kipuri chenye nambari mpya na kutonitoza bei yake, lakini anataka nilipe kazi ya kukifunga, kwa hoja kwamba gari halikupitia kwao. Yadi bado imenyamaza. Je, nikubali, au nishikilie madai ya kutolipa chochote?

Wakili wa Milimani

Ukiniuliza mimi, kubali kipuri na ulipe kazi, lakini uandike kwenye barua ya kukubali kwamba unalipa bila kuacha haki yako ya kuidai pesa hiyo kwa muuzaji. Kiasi hicho ndicho utakachokipeleka kwa yadi, na kikikataliwa, ukipeleke kwa ile Mahakama ya Madai Madogo. Mgogoro wa ada ya ufundi unaweza kuendelea gari likiwa tayari salama.

Mzee wa Kilindini

Wakati wa kulichukua gari, dai karatasi inayotaja nambari ya wito, nambari ya kipuri kipya na nambari ya chasi, pamoja na muhuri. Mfumo wa Japani huenda usionyeshe kazi iliyofanywa Nairobi, kwa hivyo yeyote atakayelinunua gari hilo kutoka kwako ataliona bado lina wito, na karatasi hiyo ndiyo itakayomwondolea shaka. Kipuri cha zamani nacho ukiombe, kifungwe kwenye mfuko baada ya kukauka, kwa ajili ya yale madai dhidi ya yadi.

Fundi wa Viwandani

Na kabla ya kuondoka hapo, waombe wawashe injini ikiwa baridi kabisa, wewe mwenyewe ukiwa umesimama kando ya boneti iliyo wazi. Kama inawezekana liache lilale hapo, lijaribiwe alfajiri. Kasoro yako ilijitokeza kwenye baridi, kwa hivyo jaribio la saa saba mchana injini ikiwa imechemka halithibitishi kitu.